Septimus Hana 'Sifa': Usimsome Mtu Kama Swali la Fasihi

Kama ulipitia sekondari hapa Kenya, hili swali unalijua hata ukiwa usingizini: "Eleza sifa tano za mhusika fulani." Unashika kalamu, unaanza kumwaga. Ni katili. Ni mwenye tamaa. Ni msaliti. Ana bidii. Ni mwenye utu. Kila sifa unaipa ithibati moja kutoka kitabuni, unachukua alama zako, unaenda kwa swali la dondoo. Mimi nilikuwa moto sana kwa hiyo kitu. Mhusika hakuwa akifika ukurasa wa kumi kabla sijampa sifa sita na umuhimu wake juu.

Halafu nikakutana na msee anaitwa Septimus Warren Smith, na wino ukaniishia.

Nilimpata kwenye vitabu vya kuinama, vile vinavyotandazwa chini kando ya barabara pale katikati ya jiji la Nairobi. Kitabu hakikuwa na jalada, nikakilipia soo moja. Kumbe ni Mrs Dalloway, riwaya ya Mwingereza Virginia Woolf iliyotoka mwaka 1925. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nina masaa mengi kuliko pesa. Nilikianza mara tatu, nikakitupa mara tatu. Mara ya nne ndipo nikagundua kosa langu: nilikuwa nakisoma nikitafuta sifa.

Siku moja, vichwa vingi

Stori yenyewe ni fupi. Ni siku moja ya Juni 1923 jijini London. Asubuhi, Clarissa Dalloway, mke wa mbunge, mama aliyevuka hamsini juzi tu, anatoka kununua maua ya karamu. Jioni karamu inafanyika. Ukiulizwa ploti, ni hiyo. Hakuna anayeibiwa, hakuna anayefumaniwa.

Katika jiji hilohilo, siku hiyohiyo, yuko Septimus. Ana kama miaka 30. Alikuwa kati ya vijana wa kwanza kujitolea kwenda Vita vya Kwanza vya Dunia. Sasa anazunguka na mkewe Lucrezia, Mwitaliano anayeshona kofia, wakingoja saa ya kumwona daktari. Yeye na Clarissa hawakutani hata mara moja kitabuni.

Sasa angalia Woolf anavyofanya. Clarissa yuko kwenye duka la maua, Bond Street. Nje, injini ya gari inatoa mshindo: paa! Clarissa anashtuka, anadhani ni bastola. Watu wanasimama kuangalia gari lenye mapazia yaliyofungwa, kila mmoja akijiuliza ndani yuko nani. Malkia? Mwana wa mfalme? Waziri mkuu? Septimus naye amesimama palepale, na kichwani mwake dunia inataka kushika moto. Tena anaamini yeye ndiye anayezuia njia.

Mshindo ni mmoja, lakini kila kichwa kimeusikia kivyake. Woolf hakuambii nani ni mwoga na nani ni jasiri. Anakuingiza kwenye kichwa hiki, anakutoa, anakuingiza kwa kingine, bila kubisha hodi. Ndiyo maana mwanzoni unapotea.

Kwa nini waliandika hivi?

Woolf hakuwa peke yake. James Joyce alitoa Ulysses mwaka 1922, nayo pia inafuata siku moja ya watu wa Dublin, ndani ya vichwa vyao. Franz Kafka alikuwa ametoa hadithi ya mtu anayeamka asubuhi akiwa mdudu, mwaka 1915. Wahakiki huwaita waandishi hawa wa usasa. Walikuwa wamechoka na riwaya inayokuhesabia vyumba vya nyumba ya mhusika lakini haikuambii anawaza nini akiwa peke yake.

Mwaka 1924 Woolf aliandika insha ya kuwachokoza waandishi wakubwa wa wakati wake, akiwemo Arnold Bennett. Alibuni mama mmoja aliyeketi kwenye kona ya behewa la treni, akampa jina Mrs Brown. Lawama yake ilikuwa hii: hawa jamaa watakueleza mama huyu anaishi nyumba gani na inalipiwa kodi ngapi, lakini Mrs Brown mwenyewe atawaponyoka. Hebu fikiria mtu mliyeketi naye kwenye matatu jana. Pengine unakumbuka viatu vyake. Alikuwa anawaza nini akiangalia nje ya dirisha?

Wanasaikolojia nao walikuwa wameanza kuchimba huko ndani. William James wa Marekani, katika kitabu chake cha saikolojia cha 1890, alisema mawazo ya mtu hayaji vipandevipande, yanatiririka kama mto. Mwaka 1918 mwandishi May Sinclair akachukua picha hiyo ya mto kuelezea riwaya za Dorothy Richardson. Tangu hapo tuna mbinu inayoitwa mkondo wa fahamu. Saikolojia na riwaya zilikua pamoja, kama watoto wa ploti moja. Kwa hivyo si ajabu wahakiki wanatumia saikolojia kuwasoma wahusika hawa. Nitakupa njia tatu wanazotumia, na mahali kila moja inapokwama.

Njia ya kwanza: mhusika kama mgonjwa

Hii ndiyo rahisi. Unamsoma Septimus kama daktari anayejaza faili. Anamwona rafiki yake Evans, ofisa wake aliyeuawa Italia muda mfupi kabla ya vita kwisha. Anasikia ndege wakiimba kwa Kigiriki. Ndege ya matangazo ikiandika herufi kwa moshi angani, yeye anaamini ujumbe ni wake. Leo tungesema ni kiwewe cha vita. Wakati ule waliita mshtuko wa makombora, na mwaka 1922, mwaka mmoja kabla ya siku ile ya kitabuni, kamati ya serikali ya Uingereza ilitoa ripoti nzima kuuhusu. Madaktari wa akili wa Marekani waliingiza ugonjwa wa kiwewe kwenye mwongozo wao rasmi mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam.

Usidharau njia hii. Jina la ugonjwa lina kazi yake. Askari aliyeitwa mwoga miaka mingi akiambiwa "hii ni hali inayojulikana na ina tiba", huo ni mzigo umeshuka.

Lakini Woolf ameweka mtego. Ndani ya kitabu kuna madaktari wawili wanaosoma watu hivyohivyo. Wa kwanza, Holmes, anasema Septimus hana shida yoyote. Atafute kitu cha kumshughulisha, ale vizuri, aache kujifikiria. Wa pili ni Sir William Bradshaw, bingwa wa Harley Street, anayetoa robo tatu ya saa kwa mgonjwa. Dakika mbili tatu hivi na tayari amejua kila kitu: apelekwe mashambani, alale kitandani, atenganishwe na mkewe.

Bradshaw hajakosea kwamba Septimus ni mgonjwa sana. Amekosea kudhani kwamba akishajua hilo, amemjua Septimus. Na sisi wasomaji tukifunga kitabu tukisema "huyo alikuwa na kiwewe, basi", tumekaa kiti kile cha Bradshaw.

Njia ya pili: kuchimba kilichozikwa

Njia hii inatoka kwa Sigmund Freud, daktari wa Vienna, na inaitwa uchanganuzi nafsi. Hapa husomi tu anachosema mhusika, unasoma anachokwepa kusema. Evans alipokufa, Septimus hakulia. Alijipongeza kwamba hakuhisi kitu, amekuwa mwanaume kamili. Baadaye hofu ikamshika: kumbe hahisi chochote kabisa! Akamwoa Lucrezia akiwa kwenye hiyo hofu. Kilio alichokizika Italia kinamrudia London kikiwa na sura ya Evans.

Mimi hii iliniingia. Ni wangapi tumeambiwa "mwanaume halii" kwenye matanga, tukajipongeza?

Woolf na Freud walikuwa na uhusiano wa karibu kuliko unavyodhani. Hogarth Press, kampuni ndogo ya uchapishaji aliyoianzisha na mumewe Leonard mwaka 1917, ndiyo iliyochapisha vitabu vya Freud kwa Kiingereza kuanzia 1924. Hata hivyo, walikutana ana kwa ana Januari 1939 tu, Freud akiwa mzee mgonjwa, mkimbizi London. Alimpa Woolf ua la nasisi, ua linalobeba jina la Narcissus, yule kijana wa hadithi ya Kigiriki aliyependa sura yake mwenyewe majini. Kila msomaji ana tafsiri yake ya hilo ua. Mimi nadhani wakati mwingine ua ni ua.

Na hapo ndipo njia hii inapokwama: ukichimba sana, unaanza kukuta ulichozika wewe. Wengine huchimba hadi kwa mwandishi. Ni kweli Woolf mwenyewe aliugua akili mara kadhaa, alijaribu kujiua mwaka 1913, alilazimishwa tiba ya kulala kitandani, na alijitoa uhai mwaka 1941. Aliwajua akina Bradshaw kwa kuonja. Lakini Septimus si Virginia aliyevaa suruali. Mwaka 1933 mhakiki L. C. Knights aliwacheka wahakiki wenzake kwa insha iliyouliza Lady Macbeth alikuwa na watoto wangapi. Alimaanisha mhusika ni maneno kwenye karatasi. Hana utoto ambao mwandishi hakuuandika.

Njia ya tatu: kichwa chako wewe msomaji

Njia hii ni mpya zaidi, na inakugeukia wewe. Mwaka 2006 mhakiki Lisa Zunshine, anayefundisha Marekani, alitoa kitabu kuhusu kwa nini tunasoma hadithi, na mfano wake mmoja ni Mrs Dalloway. Peter Walsh, aliyewahi kumpenda Clarissa, anarudi kutoka India na kumtembelea bila taarifa. Anatetemeka. Woolf haelezi kwa nini. Lakini wewe hukufikiria malaria wala baridi. Ulijua palepale kwamba ni moyo. Zunshine anasema hicho ndicho kipaji tunachofanyia mazoezi tukisoma: kubahatisha kilicho kichwani mwa mwingine kupitia mwili wake.

Mwaka 2013 watafiti David Kidd na Emanuele Castano walichapisha utafiti kwenye jarida la Science wakisema ukisoma hadithi za kifasihi hata kidogo tu, unatambua hisia za watu vizuri zaidi ukionyeshwa picha za macho yao. Walimu wa fasihi walifurahi sana. Lakini watafiti wengine waliporudia jaribio hilo, hawakuona tofauti hiyo. Kwa hivyo usiniambie umesoma riwaya tatu sasa wewe ni mtu mwema. Nawajua wasomaji wakubwa ambao hawawezi kukuuliza umelalaje.

Yaliyonikuta

Sasa nikwambie kwa nini kitabu hiki kilinishika shingo.

Nilipoacha chuo, familia iliitisha kikao. Mjomba alisema ni bangi. Ithibati: macho mekundu. Shangazi akasema ni marafiki wabaya. Ithibati: narudi usiku. Binamu yangu, aliyejifunza saikolojia kwa video za dakika moja, akanipa ugonjwa wa kizungu na kuniambia dalili zote ziko. Mwingine akasema uvivu tu. Niliketi pale nikisikiliza sifa zangu nne pamoja na ithibati, kama mhusika wa kitabu cha kutahiniwa. Hakuna aliyeniuliza siku yangu moja inaendaje kutoka asubuhi hadi usiku.

Huko chuoni nako nilikuwa nimemwona mshauri mmoja. Hatukumaliza dakika kumi. Aliniambia nicheze mpira. Miezi kadhaa baadaye nilipokutana na Holmes kitabuni, nilicheka kwa sauti ndani ya matatu, watu wakaniangalia.

Kuna mahali pengine nilipoacha kucheka. Bradshaw anamweleza Lucrezia kwamba kwa kuwa mumewe ametaja kujiua, jambo hilo sasa ni la kisheria. Hana pa kukataa. Uingereza ya wakati ule ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na haikuifuta sheria hiyo hadi 1961. Sisi tuliirithi kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 226, tukakaa nayo zaidi ya miaka 60 baada ya wenyewe kuitupa. Mtu aliyenusurika angeweza kutolewa hospitalini akapelekwa kortini, na kifungo kilikuwa hadi miaka 2. Ni Januari 9, 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu hicho kinakiuka katiba. Yaani kijana wa Nairobi mwaka 2024 alikuwa na sababu ileile ya Septimus ya kuogopa kusema ukweli mbele ya daktari.

Kofia

Septimus hafiki usiku wa siku ile. Sitaki kukuficha hilo, wala sitaki kulipamba. Holmes anapanda ngazi akilazimisha kuingia, na Septimus anajirusha dirishani.

Lakini rudi nyuma kurasa chache. Alasiri hiyo yuko nyumbani na Lucrezia, anayeshona kofia ya mteja. Septimus anatania kwamba kofia ni ndogo mno kwa huyo mama. Wanacheka. Anachukua riboni na maua, anapanga rangi, Lucrezia anashona alichopanga. Kofia inatoka safi. Kwa muda huo mfupi hakuna Evans, hakuna moto. Meza ni meza, kiti ni kiti. Mke amempata mumewe.

Hakuna aliyemponya. Mtu aliketi naye, akamuuliza rangi gani ikae wapi. Kama ningesoma kitabu hiki kwa sifa, ukurasa huo ningeuruka, kwa sababu hauna sifa ya kuandika.

Kwangu ilikuwa minji. Wiki chache baada ya kile kikao, mathe aliniita jikoni nimsaidie kutoa maganda. Hakuuliza habari ya chuo. Aliuliza tu, "Hizi zitatosha ama niongeze?" Tulitoa maganda karibu saa nzima. Katikati ya hiyo saa nikamwambia silali usiku, mwezi wa nne sasa. Aliweka bakuli chini. Wiki iliyofuata tulienda pamoja kwa hospitali ya umma, nikapata mtu wa kuongea naye. Alisikiliza vikao vinne kabla ya kunipa jina la kinachonisumbua. Jina hilo lilinisaidia, sikatai. Lilikuja likiwa limechelewa, na ndiyo maana lilinitosha.

Jioni, kwenye karamu, Clarissa anasikia wageni wakitaja kifo cha kijana asiyemjua. Wakina Bradshaw ndio wameleta habari. Anatoka kwenda chumba kidogo peke yake na kumfikiria. Hamwiti mwendawazimu. Anauhisi mwili wake ukianguka, na anajiona ndani yake. Mwaka 1928 Woolf aliandika kwamba Septimus alikusudiwa kuwa pacha wa Clarissa, na kwamba mwanzoni Clarissa ndiye aliyepangiwa kufa. Wasomaji wengine humkasirikia Clarissa, kwamba anachota uhai kutoka kwa kifo cha maskini halafu anarudi kwa karamu yake. Wana hoja. Kumwelewa mtu akishakufa ni rahisi, hatakujibu.

Ukitaka kujaribu

Ukichukua riwaya ya aina hii, weka sifa kando kwanza. Jiulize maswali matatu. Huyu mtu anaona nini ambacho waliosimama naye hawaoni? Ni jambo gani analikaribia kila mara halafu anaondoka haraka? Na ya mwisho: mimi nimemhukumu ukurasa wa ngapi, na nilikuwa nakimbilia wapi?

Kama Kiingereza cha Woolf kitakuchosha, anza na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anakusimulia mwenyewe, na Manase, mkuu wa wilaya, amempa dada yake mimba. Utamwamini Kazimoto, kisha utaanza kumshuku, kisha utamhurumia. Mpe sifa tano kama unaweza. Ni kitabu kizito na kinaishia pabaya, kwa hivyo kama uko mahali pabaya wewe mwenyewe, kiweke kwanza, tafuta mtu uongee naye. Kitabu kitangoja.

Na kama kuna rafiki yako amenyamaza siku hizi, kwa grupu tayari mmempa sifa tatu na ithibati, mpitie kwa keja. Beba kitu cha kufanya kwa mikono. Usianze na swali kubwa.

Kitabu changu bado kipo, bado hakina jalada. Ukikitaka nitakupa, lakini utarudisha.